Waandishi wa besiboli Marekani walikuwa wapi 1998? Hasira zao juu ya steroidi zina walakini

#1 Kalamu ya Buguruni

Wakuu, habari za jioni.

Nafuatilia besiboli ya Marekani kwa sababu nafanya kazi zamu za usiku, na mechi zao nyingi huku kwetu zinaangukia usiku wa manane. Kuna jambo linanikera na sijaona likijadiliwa kwa Kiswahili.

Mwaka 1998 Mark McGwire wa St. Louis Cardinals alipiga homurani 70 kwa msimu mmoja. Sammy Sosa wa Chicago Cubs akapiga 66. Rekodi waliyoivunja, 61 za Roger Maris, ilikuwa imekaa tangu 1961. Kwa wageni wa mchezo: homurani ni pale mpigaji anapoutwanga mpira ukavuka uzio, kisha anazunguka vituo vyote bila kubughudhiwa na mtu. Magazeti yalishangilia msimu mzima. Sports Illustrated iliwachagua wote wawili wanamichezo bora wa mwaka na kuwaweka kwenye jalada wamevishwa mashuka na mataji ya majani kama Wagiriki wa kale.

Machi 2005 McGwire yuleyule aliitwa mbele ya kamati ya Bunge la Marekani kuhusu steroidi, zile dawa za kujenga misuli, akasema hakuja pale kuzungumzia yaliyopita. Kuanzia hapo kalamu zilezile zilizomsifia zikamgeukia: tapeli, mchafuzi, aibu ya taifa. Na ndizo zinazopiga kura ya nani aingie kwenye jumba la heshima la besiboli kule Cooperstown.

Dai langu: walijua kuhusu hizo dawa, au walikuwa na kila sababu ya kujua. Hasira yao ya baadaye ni ya mtu anayeficha kwamba na yeye alikuwepo mezani. Mwenye maelezo bora aje.

#2 Nyundo ya Kati

Mkuu, pesa. Mwaka 1994 wachezaji waligoma, fainali za World Series zikafutwa, na mashabiki wakasusa viwanja. Zile homurani za 1998 ndizo zilizowarudisha watu. Kama gazeti lako linauzwa kwa sababu ya McGwire, unaanzaje kumchimba McGwire?

Halafu zile dawa zilikuwa marufuku na alikutwa nazo kabatini kabisa, lakini wakanyamaza.

#3 Mfamasia wa Kariakoo

Nyundo, hapo kwenye kukutwa nazo turekebishane kidogo, kwa sababu ndipo utata wote ulipo.

Kilichoonekana kwenye kabati la McGwire Agosti 1998 ni chupa ya androstenedioni. Mwili ukiipata unaweza kuigeuza kuwa testosteroni. Wakati ule iliuzwa Marekani madukani kama virutubisho, bila cheti cha daktari. Kamati ya Olimpiki ilikuwa imeipiga marufuku, ligi ya mpira wa Kimarekani pia. Besiboli haikuwa imeipiga marufuku. Ilisubiri mpaka 2004.

Steroidi zenyewe ni habari nyingine. Sheria ya Marekani ilizibana tangu mwanzoni mwa miaka ya 90, na kamishna wa besiboli wa wakati huo, Fay Vincent, aliandika waraka 1991 kuziorodhesha miongoni mwa vitu visivyoruhusiwa. Ila waraka bila vipimo ni karatasi tu. Vipimo vya majaribio vilianza 2003, bila majina na bila adhabu.

#4 Kalamu ya Buguruni

Asante Mfamasia, hilo la 2003 wengi hawalijui. Na hiyo chupa iliandikwa na nani? Maana kama kuna aliyeiandika, dai langu linapungua nguvu au linaongezeka, sijui.

#5 Mzee wa Dawati

Vijana, nilikuwa ripota wa michezo Dar kwa miaka mingi, niruhusuni niseme kirefu.

Chupa ile iliandikwa na Steve Wilstein wa shirika la habari la AP. Hakupekua mahali. Alisimama na waandishi wenzake mbele ya kabati la McGwire lililo wazi, wakimsubiri aje kuzungumza, macho yakatua kwenye rafu: chupa ya rangi ya kahawia, jina limeandikwa juu. Akalinakili. Baadaye akapiga simu kwa madaktari kuuliza kitu hicho ni nini. Huo ndio uandishi, hamna siri nyingine.

Sasa angalieni kilichofuata. Kocha wa timu, Tony La Russa, alitaka AP wafungiwe mlango wa chumba cha kubadilishia nguo. Na baadhi ya waandishi wenzake walimlaumu yeye kwa kuchungulia mali ya mtu, badala ya kuuliza chupa ile inafanya nini pale. Wiki chache baadaye rekodi ikavunjwa na nchi nzima ikasahau.

Mimi naelewa kwa nini. Kuna straika mmoja, simtaji wala klabu yake, alikuwa anachomwa sindano ya ganzi gotini kila mechi kubwa ili acheze. Niliiona. Nilisimama mlangoni, daktari ana bomba la sindano mkononi, mchezaji ameuma taulo. Sikuandika. Ningeandika, kesho yake ningekuwa nasikiliza mechi redioni kama watu wengine. Mwandishi wa habari za klabu moja anaishi kwa ule mlango. Ukifungwa, mhariri anampeleka mwingine.

Kwa hiyo Kalamu, neno "walijua" ni jepesi mno. Kuna kujua kwa kuona, kuna kujua kwa kusikia, na kuna kujua kwa ushahidi ambao mwanasheria wa gazeti atakuruhusu uuchape.

#6 Binti Makorora

Mzee wa Dawati nakuheshimu, ila hilo la mwanasheria silikubali moja kwa moja. Thomas Boswell wa Washington Post alimtaja Jose Canseco kwa jina kwenye televisheni mwaka 1988, kwamba ni mfano wa wazi wa mtumia steroidi. Mwezi uliofuata mashabiki wa Boston walimzomea Canseco uwanjani wakiimba "steroidi", naye akawatunishia msuli. Mwaka huo huo, 1988!

Los Angeles Times nayo iliandika Julai 1995 kwamba steroidi zimekuwa tatizo kwenye besiboli. Kwa hiyo waliothubutu walikuwepo. Wengine hawakufuata.

#7 Nyundo ya Kati

Binti Makorora umeshuka na nondo. Uko Tanga kweli au uko Boston?

#8 Binti Makorora

Niko Tanga, na intaneti inafika.

#9 Mswahili wa Oakland

Salaam wakuu. Mimi naishi huku California. Tarehe 7 Agosti 2007 Barry Bonds wa San Francisco Giants alipopiga homurani ya 756 ya maisha yake na kumpita Hank Aaron aliyekuwa na rekodi, kazini kwetu kila mtu alikuwa na lake la kusema, na mgawanyiko ulikuwa waziwazi. Wenzangu weusi walisema: kwa nini hasira imeanza alipofika Bonds? McGwire alipewa maua, Bonds akapewa kinyota, ile alama (*) ya kusema rekodi ina walakini.

Kinyota si maneno matupu. Yule mbunifu wa mavazi Marc Ecko aliununua mpira wa 756 kwa dola 752,467, akaitisha kura mtandaoni waufanyeje, na walioshinda wakataka upigwe muhuri wa kinyota. Ukapigwa, ukapelekwa Cooperstown hivyohivyo.

Huku San Francisco Bonds alishangiliwa. Ukitoka nje ya mji huo alizomewa kila uwanja. Kwangu mimi rangi imo ndani ya hii habari, msiipite.

#10 Chuma Cha Likoni

Rangi imo, sikatai, lakini ndugu yangu wa Oakland aliyepitwa na Bonds ni Aaron, naye ni mweusi, tena aliyeletewa barua za matusi na vitisho alipokuwa anamkaribia Babe Ruth, mwenye rekodi kabla yake, miaka ya 1973 na 1974. Wengi waliomkasirikia Bonds walisema wanamtetea Aaron. Na Roger Clemens ni mzungu, mrushaji mkubwa kuliko wote wa kizazi chake, naye wamemnyima jumba la heshima vilevile.

Mie naona ni tabia. Bonds alikuwa hawasemeshi waandishi. Anawageuzia mgongo, anawatimua kabatini pake. Mtu uliyemdharau miaka 20 ukimpa kalamu ya kukuhukumu, unategemea nini?

#11 Mswahili wa Oakland

Chuma, Clemens alianza kupigwa lini? Desemba 2007 ilipotoka ripoti ya Seneta George Mitchell kuhusu dawa kwenye besiboli, ile ya kurasa 409. Bonds alikuwa ameshaandamwa miaka minne kabla, tangu BALCO, maabara ya California iliyowapa wanamichezo dawa, ilipovamiwa 2003. Ndicho ninachosema. Kwa Clemens walisubiri karatasi, kwa Bonds macho tu yaliwatosha.

#12 Mfamasia wa Kariakoo

Hapana, kwa Bonds karatasi zilikuwepo, tena nyingi. Waandishi wawili wa San Francisco Chronicle, Mark Fainaru-Wada na Lance Williams, walipata ushahidi wa siri wachezaji walioutoa kuhusu BALCO mbele ya baraza la mahakama (grand jury, jopo la raia linaloamua kama kuna kesi). Walipoamriwa wamtaje aliyewapa wakakataa, na 2006 jaji akaamuru wafungwe mpaka miezi 18. Hawakuingia jela kwa sababu aliyevujisha alijulikana mwanzoni mwa 2007. Naye alikuwa wakili wa utetezi katika kesi ya BALCO, aliyevujisha nyaraka kisha akaenda mahakamani kulalamika kwamba nyaraka zinavuja na kesi ifutwe!

Sayansi yake pia ni ya kutisha. Dawa yenyewe ya BALCO, steroidi iitwayo THG, ilitengenezwa makusudi isionekane kwenye vipimo. Mabaki ndani ya bomba la sindano yalipelekwa maabara ya Don Catlin kule UCLA, wakaichambua mpaka wakajua ni kitu gani, halafu wakatengeneza kipimo chake. Bila lile bomba tungekuwa bado tunabishana kama kichwa cha Bonds kimekua kwa dawa.

Kwa hiyo ukisema "waandishi" unawachanganya watu wa aina mbili. Wapo waliokuwa tayari kwenda jela kwa ajili ya habari hii, na wapo waliokuja kupiga kelele mlango ukiwa umeshavunjwa.

#13 Kipute Iten

Sasa wenzangu, mimi ni Mkenya na haya mambo ya pufya, dawa za kuongeza nguvu, yametuchoma sana, kwa hivyo wacha nichangie.

Mnakumbuka Ruth Chepngetich alipokimbia marathoni ya Chicago Oktoba 2024 kwa saa 2:09:56? Mwanamke wa kwanza duniani kushuka chini ya 2:10. Kwa kikao na wanahabari, mwandishi mmoja Mmarekani akamuuliza atawaambia nini watu watakaodhani ametumia dawa. Huku kwetu kulizuka moto. Wabunge wetu wakakasirika, mitandaoni huyo mwandishi akatukanwa usiku kucha. Mimi mwenyewe nilikasirika, na bado naamini swali la aina hiyo huulizwa Wakenya kwa urahisi kuliko wengine.

Julai 2025 akasimamishwa kwa muda, na Oktoba akafungiwa miaka mitatu. Dawa ni HCTZ, sampuli ya Machi 2025. Rekodi ya Chicago haikufutwa, matokeo yaliyofutwa ni ya kuanzia hiyo Machi.

Nikisoma bandiko la Mzee wa Dawati kuhusu yule Wilstein, naona ni kisa kilekile. Mwenye kuuliza ndiye huadhibiwa kwanza. Sasa niambieni, tungemshukuru wakati gani?

#14 Chuma Cha Likoni

Kipute, wewe ndiye umegusa. Lakini HCTZ si steroidi, sivyo? Mfamasia atwambie.

#15 Mfamasia wa Kariakoo

Si steroidi. Ni dawa ya kukojoza maji, madaktari huwapa wenye presha. Kwenye michezo inakatazwa kwa sababu inapunguza uzito na inaweza kufunika dawa nyingine kwenye mkojo.

#16 Zamaradi wa Malindi

Mnazungumza wachezaji wakubwa, na mimi nizungumze wadogo. Mdogo wangu alikuwa anakwenda jimu mtaani kwetu. Mkufunzi akawa anawauzia vijana sindano, anasema ni vitamini za misuli. Kifua kikajaa, uso na mgongo ukajaa chunusi kubwa zinazotoa usaha, na hasira zikamjia za kuvunja vyombo. Mama alidhani kapata shetani. Daktari ndiye aliyemkalisha akamuuliza polepole anachomwa nini.

Kwa hiyo mimi hasira za magazeti ya Marekani sizibezi hata kama zilichelewa. Kwenye kile kikao cha 2005 kilichotajwa na mleta mada, walikaa na wazazi waliopoteza watoto wao, vijana waliotumia steroidi kisha wakajiua. Watu wanakumbuka McGwire alivyokwepa maswali. Wale wazazi hawakumbukwi. Ningekuwa mwandishi ningewaandika wao kwanza.

#17 Mzee wa Dawati

Zamaradi, poleni sana. Na umesema neno. Siku ile kamera zote zilimfuata mchezaji mwingine, Rafael Palmeiro, alipoinyooshea kamati kidole na kuapa hajawahi kutumia. Agosti mwaka huohuo akafungiwa baada ya kukutwa na steroidi iitwayo stanozololi. Kile kidole kimeonyeshwa mara ngapi? Wale wazazi wameonyeshwa mara ngapi?

#18 Nyundo ya Kati

Mbona ligi ya mpira wa Kimarekani haikupigiwa kelele hivi? Shawne Merriman wa San Diego Chargers alifungiwa mechi nne 2006 kwa steroidi, na msimu huohuo akachaguliwa kucheza Pro Bowl, mechi ya nyota wao. Hakuna aliyelia.

#19 Binti Makorora

Kwa sababu mpira wa Kimarekani hauna namba takatifu. Muulize Mmarekani rekodi ya kukaba ni ngapi, hajui. Muulize homurani za maisha za Babe Ruth, atakwambia 714. Za Aaron, 755. Za Maris kwa msimu mmoja, 61. Baba anamfundisha mtoto zile namba. McGwire na Bonds walifuta kitu ambacho watu walikihifadhi kichwani tangu utotoni, na waandishi wa besiboli ndio watunzaji wa zile namba. Hasira yao ni ya mtunza daftari aliyekuta kurasa zimechanwa.

#20 Mswahili wa Oakland

Binti, hizo namba takatifu zilikuwa safi lini? Ruth hakuwahi kucheza dhidi ya mweusi kwenye ligi kuu, maana walizuiwa mpaka Jackie Robinson alipoingia 1947. Miaka ya 60 na 70 wachezaji walimeza vidonge vya amfetamini kabla ya mechi, wakiviita vya kijani. Jim Bouton aliyaandika hayo kitabuni 1970, akachukiwa. Besiboli ilianza kuwapima na kuwaadhibu kwa amfetamini 2006. Waliovimeza wengi wamo Cooperstown na hakuna anayewawekea kinyota.

#21 Chuma Cha Likoni

Kidonge cha kukufanya usisinzie na sindano ya kuujenga mwili upya si kitu kimoja, bwana.

#22 Mswahili wa Oakland

Vyote vinahitaji cheti cha daktari, na vyote vilitumika kumshinda aliyekataa kutumia. Huyo aliyekataa ndiye namuonea huruma. Kuna vijana waliokaa ligi za chini maisha yao yote kwa sababu aliye mbele yao alikuwa anachoma. Hakuna gazeti linalowajua hata majina.

#23 Kalamu ya Buguruni

Nimesoma yote. Mniruhusu niongeze kitu ambacho hakuna aliyekigusa, na kwangu ndicho kinachouma zaidi.

Tuzo ya mchezaji bora wa mwaka wa kila ligi hupigiwa kura na waandishi haohao wa BBWAA, chama cha waandishi wa besiboli. Ken Caminiti aliipata 1996. Mwaka 2002 akamwambia Tom Verducci wa Sports Illustrated waziwazi kwamba msimu ule alitumia steroidi. Alifariki Oktoba 2004 akiwa na miaka 41. Sasa, baada ya Caminiti kukiri, waandishi walimpa nani tuzo ya ligi hiyohiyo? Bonds. 2002, 2003, 2004, kuongezea ile ya 2001. Mara nne mfululizo. Wakati wa kura ya 2003 BALCO ilikuwa imeshavamiwa. Ya 2004, Bonds alikuwa ameshahojiwa na baraza la mahakama.

Kisha 2013 jina lake lilipofika kwenye kura ya jumba la heshima, wakampa 36.2% wakisema kifungu cha uadilifu kinawazuia. Kifungu hicho kilikuwa wapi 2004?

#24 Mzee wa Dawati

Kalamu, hilo swali ni zito. Nitajibu kwa upande mmoja tu: tuzo ya mwaka inauliza nani alicheza vizuri. Ya jumba la heshima ina maneno ya uadilifu na tabia kwenye maelekezo yake. Ni karatasi mbili zenye masharti tofauti.

#25 Kipute Iten

Na David Ortiz, yule mpigaji wa Boston Red Sox, je? Gazeti la New York Times liliripoti 2009 kwamba jina lake limo kwenye orodha ya waliokutwa na dawa kwenye vile vipimo vya majaribio vya 2003. Mwaka 2022 aliingia kwa 77.9%, kura yake ya kwanza. Mwaka huohuo Bonds alimaliza nafasi yake ya kumi na ya mwisho na 66.0%, Clemens 65.2%, na inahitajika 75%. Ortiz alikuwa mcheshi, anapendwa na kila mwanahabari. Chuma Cha Likoni, hoja yako ya tabia inapata nguvu hapo.

#26 Mfamasia wa Kariakoo

Kipute, kwa haki ya Ortiz: vipimo vya 2003 viliahidiwa kuwa vya siri, na kamishna Rob Manfred alisema 2016 kwamba matokeo kadhaa ya ile orodha yalikuwa na utata wa kisayansi. Baada ya hapo Ortiz alipimwa miaka yote mpaka anastaafu na hakuwahi kukutwa.

#27 Nyundo ya Kati

Bonds naye hakuwahi kufungiwa na besiboli hata mechi moja kwa steroidi.

#28 Binti Makorora

Bud Selig aliyekuwa kamishna muda wote huo, akivuna pesa, yumo Cooperstown. Waandishi wamemuingiza yeye na kuwaacha wachezaji. Huo ndio unafiki wenyewe.

#29 Mzee wa Dawati

Binti, Selig hakuingizwa na waandishi. Aliingizwa na kamati maalumu, Desemba 2016. Na waandishi wengi walisema baadaye kwamba kama Selig yumo, hawaoni sababu ya kuendelea kuwafungia wachezaji. Kura iliyofuata, ya 2017, Bonds na Clemens wote wakavuka 50% kwa mara ya kwanza.

#30 Kalamu ya Buguruni

Mzee, hapo umenipa ninachotafuta. Walibadilisha kura kwa sababu walijiona kwenye kioo.

#31 Chuma Cha Likoni

Au kwa sababu wapiga kura wenyewe walibadilika. Kabla ya kura ya 2016 waliondolewa waandishi waliostaafu zamani, waliokuwa hawajaripoti besiboli kwa zaidi ya miaka kumi. Wengi wa waliobaki ni wadogo, waliokua wakimtazama Bonds kwenye televisheni. Hao hawana aibu ya 1998 ya kuificha, hawakuwepo.

#32 Mswahili wa Oakland

Kama ni vijana, mbona alikwama 66? Hao wa thelathini na nne kwa mia waliobaki wanasema nini hasa? Mwenye sababu zao za kweli aziweke hapa, si zile za kuwakisia.